Paka wa nyumbani na paka wa porini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi kila watu wanapoanza kuzungumza habari za paka, kuanzia yule anayejinyoosha juu ya kiti hadi simba na jamaa zake. Majibu mengine ni mafupi kwa sababu hakuna la kuongeza, mengine yamerefushwa makusudi. Jambo moja litajitokeza tena na tena: mwili wa paka wa nyumbani ni wa mwindaji wa porini ambaye hakubadilika sana, na vituko vyake vingi vinaeleweka ukilishika hilo.

Je, ni kweli kwamba simba ni paka?

Ndiyo. Simba, chui, duma, mondo, simbamangu na paka wa nyumbani wote wamo katika familia moja, Felidae, yenye aina zipatazo 40. Familia hiyo ina matawi mawili. La kwanza lina simba, chui, chui milia (wengine humwita simbamarara), jagwa wa Amerika, chui theluji wa milima ya Asia, na aina mbili za chui-mawingu wa misitu ya Asia. La pili lina waliobaki wote, wakiwemo puma wa Amerika na duma. Kwa hiyo duma, pamoja na urefu wake wote, ana undugu wa karibu zaidi na paka wa nyumbani kuliko na simba.

Kanu na fungo huitwa paka na watu wengi kwa sababu ya madoa na mikia yao mirefu, lakini hao wana familia yao. Fisi ndiye wa kushangaza: wengi humdhania mbwa, kumbe katika ukoo wa wanyama walao nyama yuko upande wa paka.

Paka wa nyumbani alitoka wapi?

Kwa paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, Felis lybica, ambaye bado yupo. Ukikutana naye unaweza kupita ukidhani ni paka wa jirani aliyepotea, isipokuwa ana miguu mirefu kidogo na mwendo wa mnyama asiyetaka mazoea. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wote wa nyumbani duniani wanatokana naye, si na paka pori wa Ulaya.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba hakuna aliyekwenda porini kumkamata paka amfuge. Watu walipoanza kulima na kuhifadhi nafaka, panya walifuata nafaka na paka wakafuata panya. Wale wasioogopa sana watu walinenepa karibu na maghala, wakazaa, na watoto wao wakazoea. Katika kisiwa cha Cyprus wanaakiolojia walikuta kaburi la mtu wa miaka kama 9,500 iliyopita, na karibu naye paka aliyezikwa kwa uangalifu. Cyprus haikuwa na paka wa asili, maana yake paka huyo au wazazi wake walivushwa bahari kwa chombo. Huko China mifupa ya paka walioishi vijijini zaidi ya miaka 5,000 iliyopita ilipochunguzwa, ilikutwa ni ya aina nyingine kabisa ya paka mdogo wa Asia. Pale pia nafaka ilivuta panya na panya wakavuta paka, ila urafiki huo haukudumu.

Na Misri? Si ndiko paka waliabudiwa?

Wamisri wa kale walimheshimu mungu wa kike Bastet, aliyechorwa akiwa na kichwa cha paka, na mji wa Bubastis ulikuwa kitovu cha ibada yake. Lakini heshima hiyo ilikuwa na upande wa pili ambao hausimuliwi sana. Paka wengi walizalishwa na kuuawa wangali wadogo ili wakaushwe na kuuzwa kwa mahujaji kama sadaka. Walikuwa wengi kiasi kwamba mwaka 1890 shehena ya tani kama 19 ya maiti zao zilizokaushwa ilipelekwa Liverpool, Uingereza, ikauzwa kuwa mbolea.

Je, paka huona gizani?

Katika giza totoro haoni, kama wewe tu. Ila mwanga hafifu sana unamtosha: anahitaji takriban sehemu moja ya sita ya mwanga unaouhitaji wewe. Nyuma ya retina yake kuna utando unaorudisha mwanga upite mara ya pili, na ndio unaofanya macho yake yang'ae ukimmulika usiku. Mboni nayo hujifunga ikawa ufito mwembamba mchana na kufunguka duara usiku, ikibadilisha ukubwa wake karibu mara 135. Mboni ya binadamu hubadilika kama mara 15 tu.

Simba na chui milia wana mboni za duara. Watafiti waliolinganisha macho ya wanyama wengi mwaka 2015 waliona kwamba mboni ya wima huwapata zaidi wawindaji wa kuvizia wenye vimo vifupi, kwani huwasaidia kukadiria umbali wa windo bila kusogeza kichwa.

Upungufu upo pia. Rangi haoni vizuri, nyekundu hasa, na kitu kilicho karibu sana na pua yake humwia ukungu. Ukimwona paka anaitafuta nyama iliyo mbele ya mdomo wake, usimcheke. Hapo ndipo sharubu zinapochukua kazi ya macho: paka anaporuka juu ya panya huzielekeza mbele kuhisi windo limekaaje. Usizikate.

Kwa nini paka huangukia miguu?

"Paka hakubali kulala chali," walisema wahenga, na hawakukosea. Mwaka 1894 Mfaransa Étienne-Jules Marey alimpiga paka picha za mfululizo akianguka, na wataalamu wa fizikia wakapata kazi ya kubishania: kiumbe asiye na kitu cha kushika hewani anajigeuzaje? Jibu ni kwamba paka hajigeuzi mzima kwa mara moja. Kiungo cha usawa ndani ya sikio humjulisha juu ni wapi. Anaikunja miguu ya mbele na kunyoosha ya nyuma, kisha anazungusha nusu ya mbele ya mwili. Nusu ya mbele huzunguka sana, ya nyuma hurudi kinyume kidogo tu. Halafu anafanya kinyume chake: ananyoosha ya mbele, anakunja ya nyuma, na kiwiliwili cha nyuma kinafuata. Uti wa mgongo wake unapindika mno, na mfupa wa mtulinga haukuunganishwa na mifupa mingine kama wetu. Watoto wa paka huanza kujaribu wakiwa na wiki tatu au nne, na hufikia wiki ya sita au saba ndipo wanaweza kikamilifu.

Sasa lile la kwamba paka akianguka kutoka juu sana huumia kidogo kuliko akianguka kutoka katikati. Lilitokana na madaktari wa wanyama wa New York ambao mwaka 1987 waliandika habari za paka 132 walioanguka kutoka maghorofani. Asilimia 90 walipona, na majeraha yalionekana kupungua baada ya ghorofa ya saba. Kabla hujalisimulia, jiulize ni nani hupeleka hospitali paka aliyekwisha kufa. Waliofia chini hawakuhesabiwa. Kwa hiyo kama unakaa ghorofani, weka wavu dirishani. Roho ya paka ni ngumu, lakini ni moja.

Kwa nini paka hukoroma akibembelezwa, na simba hunguruma?

Mkoromo wa paka ni mtetemo wa chini, kama mara 20 hadi 30 kwa sekunde, na huendelea akivuta pumzi na akiitoa pia. Kwa muda mrefu ilifundishwa kwamba ubongo hukaza na kulegeza misuli ya zoloto mfululizo ili kuutoa. Mwaka 2023 watafiti walionyesha kwamba zoloto la paka aliyekwisha kufa, likipulizwa hewa tu, linaweza kutoa sauti ya kiwango hicho, kwa sababu nyuzi zake za sauti zina vifundo vya tishu vinavyozifanya zitetemeke polepole. Pengine ubongo hauna kazi kubwa hivyo.

Usidhani kila mkoromo ni furaha. Paka hukoroma akiwa na maumivu, akizaa, hata akikata roho. Ukiona paka hali chakula, amejikunyata na anakoroma, huyo ni mgonjwa.

Simba, chui, chui milia na jagwa hunguruma. Nyuzi zao za sauti ni nene, pana na zenye mafuta, na ngurumo ya simba husikika hadi kilomita 8. Maelezo ya zamani yalisema siri yote iko kwenye mfupa mdogo unaoshikilia ulimi, ambao kwa paka wakubwa haukukomaa kuwa mfupa mtupu. Chui theluji anayaharibu maelezo hayo: mfupa wake ni wa namna hiyo hiyo, lakini hangurumi. Duma na puma nao hukoroma, na duma akimwita mtoto wake hutoa mlio mwembamba ambao asiyeujua angeinua kichwa kutafuta ndege mtini.

Na ile "nyau"?

Hiyo ni yenu nyinyi. Mtoto wa paka humlilia mama yake, lakini paka wakubwa kwa wakubwa hawaambiani nyau. Huzungumza kwa harufu, mkia, masikio, na kelele za ugomvi pale shume anapokutana na shume mwenzake. Paka wa nyumbani anaiendeleza sauti ya utotoni kwa sababu amegundua kwamba binadamu huinuka akiisikia. Utafiti wa Japan uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha pia kwamba paka hulitambua jina lake kati ya maneno mengine. Kwamba haji ukimwita ni habari nyingine.

Ukitaka kumjibu kwa lugha anayoielewa, mwangalie, fumba macho polepole, kisha fumbua polepole. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sussex waliona kwamba paka wengi hurudisha ishara hiyo, na humsogelea zaidi mgeni aliyeitoa.

Duma hukimbia kasi gani hasa?

Vitabu vingi huandika zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Mwaka 2012 duma jike aitwaye Sarah, wa bustani ya wanyama ya Cincinnati, Marekani, alikimbia mita 100 kwa sekunde 5.95. Porini mambo ni tofauti. Watafiti walipowafunga duma watano wa Botswana kola za kupimia mwendo na kuchapisha matokeo mwaka 2013, kasi ya juu kabisa waliyoipata ilikuwa kilomita 93 kwa saa, na kwa kawaida duma hawakuifikia hata kidogo. Wastani wa kasi ya juu katika mbio zao ulikuwa kama kilomita 54. Kilichowapa nyama ni uwezo wa kuongeza kasi ghafla, kuipunguza ghafla na kukata kona. Makucha yake hayajifichi kabisa kama ya paka wengine na hushika ardhi anapokimbia, mkia mrefu humsawazisha, na uti wa mgongo hukunjuka na kukunjika kila anaporuka.

Gharama yake ni mwili mwepesi. Akishaua hana nguvu ya kugombana, na mara nyingi simba au fisi humnyang'anya. Zaidi ya hapo, duma wote waliopo wamekaribiana mno kinasaba, kwa sababu maelfu ya miaka iliyopita walipungua wakabaki wachache sana.

Simba dume ni mvivu?

Analala, hilo halina ubishi. Simba anaweza kupumzika hadi saa 20 kwa siku. Nyama ni chakula kizito na kukimbia bure ni hasara, hasa ukizingatia kwamba mawindo mengi ya simba hushindwa. "Simba mwenda pole ndiye mla nyama" ni methali, lakini pia ni maelezo mazuri ya uwindaji wake: mbio zake ni fupi, kwa hiyo asiponyemelea karibu hapati kitu.

Lile la kwamba dume hula jasho la majike lina ukweli nusu. Majike huwinda pamoja mahali pa wazi, ndipo watu huwaona na kuwapiga picha. Utafiti wa hifadhi ya Kruger, Afrika Kusini, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba madume nao huwinda, ila kwa kuvizia peke yao kwenye vichaka vizito, usiku, wasikoonekana. Na kazi yao kubwa ni kulinda. Madume wageni wakiwashinda wenyeji huua watoto waliopo, kwa kuwa jike aliyepoteza watoto huwa tayari kupandwa tena mapema. Dume anayelala kivulini leo ndiye anayezuia jambo hilo lisitokee.

Manyoya ya shingoni yana habari zake. Huko Serengeti, watafiti Peyton West na Craig Packer waliwawekea simba masanamu ya simba dume yenye manyoya tofauti, na mwaka 2002 wakachapisha walichoona: majike waliyaendea yenye manyoya meusi, na madume waliyaepuka yenye manyoya marefu au meusi. Weusi huo huenda na lishe nzuri na homoni nyingi za kiume. Adhabu yake ni joto, na simba mwenye manyoya meusi hupata joto zaidi juani.

Kumwita mfalme wa msitu ni kumpa ufalme asiokaa. Makao yake ni mbuga za nyasi na vichaka. Nje ya Afrika, simba wa porini waliobaki wako Gujarat, India, ndani na kando ya msitu wa Gir.

Chui mweusi ni mnyama wa aina gani?

Ni chui tu, au jagwa akiwa ni wa Amerika. Weusi unatokana na jeni inayozidisha rangi, na ukimtazama kwenye mwanga mzuri madoa yake yanaonekana chini ya weusi. Kwa chui, mtoto lazima airithi kwa wazazi wote wawili. Kwa jagwa mzazi mmoja anatosha.

Kutofautisha chui na jagwa wa rangi ya kawaida ni rahisi: madoa ya jagwa yaliyo kama maua yana vidoti katikati, ya chui hayana. Jagwa pia ni mnene, ana kichwa kikubwa, na huua kwa kutoboa fuvu. Mamba wadogo wa Amerika ya Kusini ni chakula chake. Chui anamshinda kwa kuenea: yuko kuanzia kusini mwa Afrika hadi mashariki ya mbali ya Urusi, msituni, milimani, na hata pembezoni mwa miji mikubwa watu wakiwa hawana habari.

Kwa nini paka wa rangi tatu karibu wote ni majike?

Jeni ya rangi ya chungwa iko kwenye kromosomu ya X. Jike ana X mbili, dume ana moja. Katika kila seli ya jike X moja huzimwa, bila mpango, tangu akiwa kijusi. Kama moja ina chungwa na nyingine haina, seli za ngozi hugawana mwili vipande vipande vya chungwa na vyeusi. Weupe huletwa na jeni nyingine. Dume hana X ya pili ya kubadilishana, kwa hiyo huwa wa chungwa mzima au mweusi mzima, ila yule adimu anayezaliwa na X mbili na Y, ambaye kwa kawaida huwa tasa. Jeni yenyewe ilitafutwa kwa zaidi ya karne moja. Ni mwaka 2025 tu ndipo makundi mawili ya watafiti, moja la Japan na jingine la Marekani, yalipochapisha kwamba chanzo ni kipande kidogo cha DNA kilichopotea jirani na jeni ya ARHGAP36.

Mchezo huu wa bahati ulimshangaza kila mtu mwezi wa Desemba 2001, alipozaliwa huko Texas paka wa kwanza wa kunakiliwa, aliyeitwa CC. Aliyenakiliwa alikuwa wa rangi tatu. CC alikuwa na vinasaba vile vile, lakini hakuwa na chungwa hata unywele.

Paka wa Siam naye ana jambo lake: kimeng'enya chake cha kutengeneza rangi hufanya kazi penye ubaridi tu. Tumboni mwa mama kuna joto, anazaliwa mweupe. Baadaye masikio, pua, miguu na mkia, ambavyo ni baridi kuliko kiwiliwili, vinakuwa vyeusi. Ukimnyoa mgongoni na akapigwa na baridi, manyoya yanayoota hapo yanaweza kuwa meusi pia.

Paka apewe maziwa?

Si lazima, na wengi yanawaharisha, kwani wakishaachishwa kunyonya hupoteza uwezo wa kusaga sukari ya maziwa. Maji yanatosha.

Chakula chake ni nyama. Binadamu na mbwa wanaweza kuishi kwa mchanganyiko wa vyakula; paka hawezi. Mwili wake hautengenezi taurini, kirutubisho kilichomo katika nyama, ya kutosha, na akiikosa macho na moyo huharibika. Hawezi kugeuza karoti kuwa vitamini A, anaihitaji ikiwa tayari kutoka kwa mnyama mwingine. Hata utamu wa sukari hausikii: jeni ya kuonja utamu imevunjika, jambo lililogunduliwa mwaka 2005 kwa paka, chui milia na duma pia. Chakula cha mbwa kila siku si chakula chake, na paka wa kulishwa mboga tupu anaumwa taratibu.

Hatari nyingine za nyumbani ni chache lakini kali. Kidonge kimoja cha paracetamol kinaweza kumuua. Dawa za kupe na viroboto za mbwa zenye permethrini ni sumu kwake. Maua ya jamii ya Lilium huua figo zake, hata akilamba chavua tu iliyomwagikia manyoya. Vitunguu na chokoleti navyo weka mbali.

Kuna mmea unaolevya paka?

Upo, wa jamii ya mnanaa, jina lake la kisayansi Nepeta cataria. Theluthi mbili hivi ya paka wakiunusa hujigaragaza na kujipangusa nao kwa dakika chache. Waliobaki hawajali, na hilo ni la kurithi. Simba nao hufanya vivyo hivyo. Watafiti wa Japan mwaka 2021 walitoa sababu inayoelekea: kemikali za mimea ya namna hiyo hufukuza mbu, kwa hiyo anayejigaragaza humo anajipaka dawa.

Nina mimba. Nimfukuze paka?

Hapana. Hofu inatokana na kimelea cha Toxoplasma gondii, ambacho kweli huzalia ndani ya paka na kinaweza kudhuru mtoto tumboni. Lakini paka hutoa mayai ya kimelea hicho kwa wiki moja hadi tatu tu, kwa kawaida baada ya kuambukizwa mara ya kwanza, na mayai hayo yanahitaji siku moja hadi tano nje ya mwili kabla hayajaweza kuambukiza. Choo chake kikisafishwa kila siku, na mtu mwingine au na wewe ukiwa na glavu, hatari hupungua sana. Watu wengi huambukizwa kwa nyama isiyoiva, mboga zisizooshwa na udongo. Pika nyama ikaive, nawa mikono, na usimlishe paka nyama mbichi. Ukiwa na wasiwasi, mhudumu wa kliniki anaweza kukupima.

Nikiumwa au kukwaruzwa na paka?

Osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya. Jina "kichaa cha mbwa" lisikudanganye, paka huupata na huambukiza. Ukishaonyesha dalili karibu kila mgonjwa hufa, lakini chanjo ikitolewa mapema inaokoa. Meno ya paka ni membamba na huingiza bakteria ndani, kwa hiyo hata tundu dogo la kuumwa linaweza kuvimba vibaya. Paka mwenyewe achanjwe.

Mimi nina mzio wa manyoya ya paka. Nitafute asiye na manyoya?

Hatakusaidia sana. Kinachokuwasha ni protini, Fel d 1, iliyomo katika mate na mafuta ya ngozi. Paka hujilamba, mate yanakauka, protini inapeperuka. Asiye na manyoya ana mate na ngozi kama wengine.

Naweza kufuga mondo au simbamangu?

Usifanye hivyo. Paka wa nyumbani ana maelfu ya miaka ya kuzoeana na watu. Mondo aliyenyweshwa kwa chupa ana miezi michache. Mondo ana masikio makubwa ya kusikia panya chini ya nyasi, miguu mirefu kuliko ya paka wengine wote kwa kulinganisha na mwili wake, na anaruka juu kisha kumtua panya kichwani. Simbamangu anaweza kumrukia ndege hewani karibu mita tatu. Viumbe hao ndani ya nyumba hukojolea kuta kuweka mipaka na huwa hatari wakishakomaa. Katika nchi nyingi ni kosa la jinai pia.

Paka yupi aliwahi kwenda angani?

Félicette, paka wa Ufaransa, tarehe 18 Oktoba 1963. Roketi ilimrusha zaidi ya kilomita 150 juu akarudi hai. Miezi michache baadaye waliomrusha walimuua ili wachunguze ubongo wake.

Paka huishi miaka mingapi?

Akitunzwa, 12 hadi 18 ni kawaida. Rekodi inayotambuliwa ni ya Creme Puff wa Texas, aliyeishi miaka 38, kuanzia 1967 hadi 2005.

Je, paka wa nyumbani ana madhara kwa wanyama wa porini?

Anayo, na wapenzi wa paka hatupendi kulisema. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2013 yalisema paka huua ndege kati ya bilioni 1.3 na bilioni 4 kwa mwaka nchini Marekani pekee, wengi wakiuawa na paka wasio na mwenyewe. Visiwani ni vibaya zaidi, maana ndege wa huko hawakujifunza kuogopa. Kumfunga uzazi paka wako na kumlaza ndani usiku husaidia pande zote mbili.

Madhara mengine hayatoi damu. Paka wa nyumbani huzaa na paka pori, na kizazi hadi kizazi damu ya asili hupotea bila mtu kuona, kwani mnyama anayebaki anafanana na wa zamani. Huko Scotland mchanganyiko ulifika mahali ambapo ilibidi kuzalisha paka pori kizuizini na, kuanzia mwaka 2023, kuwaachilia katika milima ya Cairngorms.

Ni paka gani walio hatarini zaidi?

Chui milia ndiye anayetajwa kwanza, na ni sawa: wale wa Bali, Java na eneo la Bahari ya Kaspi walitoweka katika karne ya 20. Lakini fedha na kamera zikienda kwake na kwa simba, paka wadogo wa porini wanasahauliwa. Paka mvuvi wa Asia anapoteza vinamasi anakovua samaki. Paka wa dhahabu wa misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi huonekana mara chache mno, hata wanaomchunguza humtegemea kwa picha za kamera za kutegesha.

Anayetia moyo ni linksi wa Hispania na Ureno. Mwaka 2002 walikuwa wamebaki chini ya 100 waliokomaa, kwa sababu ya kuwindwa, magari, na magonjwa yaliyomaliza sungura, chakula chao kikuu. Sungura wakarudishwa, vivuko vya chini ya barabara vikajengwa, watoto waliozalishwa kizuizini wakaachiliwa mmoja mmoja. Kufikia 2023 walihesabiwa zaidi ya 2,000 wakubwa kwa wadogo, na mwaka 2024 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa viumbe, likawashusha ngazi moja ya hatari. Sungura nao wakaendelea kuhesabiwa, maana wakipungua tena, linksi hula nini?